Padri Johnson wa Liuli: Mwingereza aliyeishi pande zote za Ziwa Nyasa

LIULI, kijiji kilichoko ufukwe wa mashariki wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, kina kaburi la Mwingereza mmoja aliyefika Afrika Mashariki akiwa kijana wa miaka 22 na kufia huko akiwa mzee wa miaka 74.

Jina lake ni William Percival Johnson, padri na arkidikoni wa Kanisa la Anglikana, ambaye vizazi kadhaa vya Wakristo wa ukanda huo vimemkumbuka kama mtume wa Ziwa Nyasa.

Jina hilo la heshima, hata hivyo, halielezi jambo kubwa zaidi katika maisha yake. Johnson aliishi katika kipindi ambacho ziwa moja, lililokuwa na watu wenye lugha na koo zilizoingiliana, liligawanywa na mataifa matatu ya Ulaya. Aliziona nchi zikizaliwa mbele ya macho yake, naye akaendelea kulivuka ziwa kana kwamba mipaka hiyo ilikuwa jambo la maofisa peke yao.

Johnson alizaliwa Machi 12, 1854, katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Alisoma Chuo Kikuu cha Oxford, na njia iliyokuwa imeandaliwa mbele yake ni utumishi wa serikali nchini India, kazi iliyotamaniwa na vijana wengi wasomi wa wakati huo kwa mshahara na heshima yake.

Aliiacha njia hiyo. Mwaka 1876 alijiunga na UMCA, misheni ya vyuo vikuu iliyotokana na wito alioutoa David Livingstone kwa wasomi wa Uingereza mwaka 1857, na akafika Zanzibar chini ya Askofu Edward Steere, mtaalamu ambaye mchango wake katika sarufi na tafsiri za Kiswahili unajulikana hadi leo.

Mwaka huohuo wa 1876, Askofu Steere aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar kwenda bara, akiwa na nia ya kuwarejesha karibu na nchi walikotekwa. Walikusudia kufika Mwembe, mji wa Mataka, mtawala mkubwa wa Wayao, lakini waliishia Masasi. Johnson ndiye aliyeachiwa uangalizi wa makazi hayo mapya, na baadaye akaungana na rafiki yake wa tangu Oxford, Chauncy Maples.

Huko Masasi ndiko kijana huyo alikoanza kulielewa jambo ambalo wengi wa wenzake walichelewa kulielewa. Watu waliokombolewa hawakuwa kabila moja wala hawakuwa na lugha moja. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, na kilichowaunganisha kilikuwa ni kupoteza kwao walikotoka. Kuwapa mahali pa kuishi ilikuwa kazi ya miezi michache, lakini kuwafanya waishi pamoja ilihitaji kwanza mtu aliye tayari kuwasikiliza kwa lugha zao.

Mwaka 1880 Johnson alikwenda kuishi Mwembe kwa Mataka. Mji huo ulikuwa kituo kikubwa cha biashara, ikiwamo biashara ya watumwa, na dini ya Kiislamu ilikuwa imekwishaanza kukubalika miongoni mwa Wayao kupitia uhusiano wao wa muda mrefu na pwani. Padri wa Kiingereza alikuwa mgeni katika mji usiomhitaji, na alivumiliwa kwa hisani ya mwenyeji wake.

Hisani hiyo haikudumu. Msafara wa watumwa kutoka kwa Mataka ulipokamatwa pwani, lawama zilimwangukia Johnson, akidhaniwa kuwa ndiye aliyepeleka habari kwa Waingereza. Mwaka 1881 alilazimika kuondoka Mwembe.

Ni rahisi leo kumhesabu Johnson katika kisa hicho kama mtu wa haki aliyeonewa. Lakini kwa macho ya watu wa Mwembe, alikuwa raia wa dola ambayo manowari zake zilikuwa zikizunguka pwani, na hakukuwa na namna ya kumtenganisha na manowari hizo. Swali la iwapo mgeni anaweza kuwa jirani wakati nchi yake ina nguvu za kuwatawala wenyeji wake lilimfuata tangu siku hiyo mpaka kufa kwake.

Kutoka Mwembe alielekeza macho ziwani. Alisafiri na padri mwenzake, Charles Janson, lakini mwenzake huyo alifariki dunia Februari 1882, muda mfupi baada ya kuliona ziwa. Mwezi Septemba mwaka huohuo, Masasi ilivamiwa na wapiganaji wa Kingoni waliojulikana kama Magwangwara, na baadhi ya watu wa makazi yale wakachukuliwa mateka.

Hali ya ufukwe wa mashariki wakati huo ilikuwa ya hofu. Wangoni waliokuwa wameweka makao yao Songea walikuwa wakiteremka mara kwa mara hadi ziwani. Wanyasa, Wampoto na Wamanda waliishi ndani ya maboma ya miti, na wengine walikimbilia kwenye miamba na visiwa vidogo. Wamatengo nao walijichimbia katika milima ya Mbinga, ambako walikuza kilimo chao cha ngoro, cha mashimo yanayozuia maji kuporomosha udongo kwenye miteremko mikali.

Katika mazingira hayo, kujenga kituo kimoja nchi kavu na kuwasubiri watu waje kusingefaa. Johnson alipata wazo la meli. Alirudi Uingereza kuomba fedha, na matokeo yake yakawa boti ya mvuke iliyopewa jina la Charles Janson kwa kumbukumbu ya marehemu. Ilisafirishwa kwa vipande hadi Mto Shire, ikaunganishwa huko na kushushwa majini mwaka 1885.

Kipindi hichohicho maradhi ya macho yalimshika. Jicho moja lilipoteza nuru kabisa na la pili likabaki dhaifu. Mtu ambaye kazi yake kubwa ingekuwa kusoma, kuandika na kutafsiri alibakiwa na uwezo mdogo wa kuona kwa zaidi ya miaka 40 iliyofuata. Hata hivyo alirejea ziwani.

Misheni iliweka makao makuu katika kisiwa cha Likoma, karibu na ufukwe wa mashariki, kwa kuwa huko wavamizi kutoka bara wasingeweza kufika kwa urahisi. Maples alibaki kisiwani kama msimamizi, na Johnson akachukua vijiji vya pwani ya ziwa. Boti ilimshusha kijiji kimoja na kumchukua kingine. Alilala katika nyumba za wenyeji, alikula walichokula, na kati ya kijiji na kijiji alitembea kwa miguu.

Mwaka 1895 ulikuwa mchungu kwake. Mwezi Agosti, padri mwenzao, George Atlay, aliuawa na wapiganaji wa Kingoni upande wa bara unaotazamana na Likoma. Septemba 2, Maples, ambaye miezi michache kabla alikuwa amewekwa wakfu jijini London kuwa askofu, alizama baada ya mashua yake kupinduliwa na dhoruba alipokuwa njiani kurudi Likoma. Johnson alimpoteza rafiki aliyekuwa naye tangu ujana.

Wakati misiba hiyo ikitokea, ziwa lilikuwa limekwishagawanywa. Julai 1, 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliogawanya maeneo yao katika Afrika Mashariki. Ujerumani ilipata ufukwe kuanzia kaskazini hadi kusini ya Mbamba Bay, Ureno ikawa na ufukwe unaofuata kuelekea kusini, na Uingereza ikachukua upande wa magharibi. Hakuna mkazi hata mmoja wa ziwa aliyeulizwa.

Kwa Johnson, maana ya mkataba huo ilikuwa ya kila siku. Katika safari moja ya boti aliweza kuanza katika himaya ya Waingereza, akafundisha kijiji kilicho chini ya Wareno, na kulala katika kijiji chenye bendera ya Wajerumani. Wanafunzi wake walikuwa binamu na mashemeji wa wao kwa wao. Serikali zao ndizo zilizokuwa tofauti.

Hapo ndipo kazi yake ya lugha inapopata uzito. Johnson alitafsiri Biblia nzima kwa Chinyanja cha ukanda wa Likoma, na tafsiri hiyo ilichapishwa mwaka 1912. Alitafsiri pia sehemu za maandiko kwa Kimpoto, lugha ya watu wa ufukwe wa Mbamba Bay na Liuli. Chuo Kikuu cha Oxford kilikuwa kimemtunuku shahada ya heshima ya udaktari wa theolojia mwaka 1911.

Tafsiri ni sanaa inayomlazimu mtu kujishusha. Mfasiri hawezi kuandika neno moja mpaka awasikilize wanaoisema lugha, akubali kusahihishwa na watoto na vibibi, na akiri kwamba kuna mambo ambayo lugha yake mwenyewe haiyasemi vizuri. Kwa mtu mwenye jicho moja dhaifu, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilitegemea masikio na wasaidizi wenyeji, na kwa hiyo Biblia ile ni kazi ya watu wa ziwa kama ilivyo kazi yake.

Matokeo yake yalikuwa kitabu kimoja kilichosomwa katika makoloni matatu. Mjerumani alihimiza Kiswahili katika maboma na shule zake, Mreno alikuwa na lugha yake na Mwingereza yake. Jumapili watu wa Liuli, wa Msumba upande wa Msumbiji na wa Likoma waliimba na kusali kwa lugha iliyokuwapo kabla ya wote hao.

Aidha, wenyeji hawakubaki wasikilizaji. Augustine Ambali, aliyekuwa mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa Zanzibar, alifanya kazi ziwani kwa miongo kadhaa, akawa padri, na akaandika kumbukumbu zake. Leonard Kamungu, Mnyasa aliyepata upadri mwaka 1909, alikwenda kuhubiri katika nchi ambayo sasa ni Zambia na kufia huko mwaka 1913.

Wa tatu ni Yohana Abdallah, Myao aliyepata upadri mwaka 1898 na kufanya kazi Unangu, upande wa Wareno. Mwaka 1919 kilichapishwa kitabu chake cha historia ya Wayao, Chiikala cha Wayao, alichokiandika kwa lugha ya Chiyao. Alikuwa Mkristo mwenye jina la Abdallah, akiandika habari za watu wake ambao wengi wao walikuwa Waislamu, kwa sababu aliona kuwa kumbukumbu zao zilikuwa hatarini kupotea. Kwake, imani haikuwa sababu ya kuacha kuwa Myao.

Palikuwapo pia sanaa ya mawe. Kati ya mwaka 1903 na 1911, Likoma lilijengwa kanisa kuu la Mtakatifu Petro, mojawapo ya makanisa makubwa kabisa katika Afrika ya Kati, kwa nguvu za mafundi na vibarua wenyeji. Lilijengwa mahali ambapo zamani watu waliotuhumiwa kwa uchawi walichomwa moto. Misheni ilipiga vita adhabu hiyo pamoja na kiapo cha mwavi, na si kila mzee wa ukanda huo aliyefurahia kuona mamlaka yake yakipunguzwa na wageni.

Mtihani mkubwa wa kuishi pamoja, hata hivyo, haukuwapata wenyeji na wageni. Uliwapata wageni wenyewe. Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na sanamu kubwa ya Misri, ilikuwa bandari ya meli yao ya Hermann von Wissmann. Meli ya Waingereza, Gwendolen, iliongozwa na Kamanda Rhoades. Yeye na nahodha wa meli ya Kijerumani, Berndt, walikuwa marafiki waliozoea kunywa pamoja.

Vita Kuu ilipoanza, habari zilimfikia Mwingereza kwanza. Agosti 13, 1914, Gwendolen ilifika Liuli na kuifyatulia mizinga Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Inasimuliwa kwamba Berndt aliingia katika mtumbwi na kumfuata rafiki yake kwa hasira, akidhani kwamba pombe imemzidi, na ndipo alipoambiwa kuwa nchi zao zinapigana na kwamba yeye ni mateka.

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kama kichekesho. Kwa watu wa Liuli, Mbamba Bay na Manda, yaliyofuata hayakuwa kichekesho. Katika Afrika Mashariki nzima vita hivyo viliwachukua wanaume kwa mamia ya maelfu kuwa wapagazi wa pande zote mbili, vikamaliza chakula vijijini na kuacha njaa na maradhi. Hata Chauncy Maples, meli ya misheni iliyoingia majini mwaka 1901 na kutumika kama shule na zahanati, ilichukuliwa kwa kazi za vita.

Wazungu wawili waliokuwa marafiki walipigana kwa sababu ya mambo yaliyoamuliwa Ulaya, na Waafrika waliokuwa ndugu wakajikuta wakibeba risasi za kupigia upande wa ndugu zao. Mkristo wa Liuli na Mkristo wa Likoma, wenye Biblia moja, waliitwa maadui kwa miaka minne.

Baada ya vita, ufukwe wa Wajerumani ukawa sehemu ya Tanganyika. Julai 1922 Umoja wa Mataifa wa wakati ule, uliokuwa na makao yake Geneva, uliithibitisha Uingereza kuwa mdhamini wa Tanganyika, na ndani ya wiki hiyohiyo ukaithibitisha kuwa mdhamini wa Palestina. Huko nako jamii mbili zilizodai ardhi moja zilijikuta chini ya maamuzi ya watu wa mbali, na mgogoro wao umemwaga damu kwa zaidi ya karne. Ziwa Nyasa halikufika huko, ingawa nalo liliachiwa mstari wenye utata.

Johnson alichagua kuishi miaka yake ya mwisho Liuli, katika kijiji kilichopigwa mizinga ya nchi yake. Aliandika kitabu kuhusu ziwa na watu wake, kilichotoka mwaka 1922, na kingine cha kumbukumbu zake za miaka ya mwanzo, kilichotoka mwaka 1924. Alikuwa mzee, karibu kipofu, na bado alikuwa akizunguka vijijini.

Alifariki dunia Liuli Oktoba 11, 1928, akiwa ametumia miaka 52 ya maisha yake katika utume wa Afrika. Wenyeji walimzika hukohuko. Mwaka 1933 ulitoka Uingereza wasifu wake, na mwandishi wake akaupa jina la Johnson wa Nyasaland. Mtu aliyezikwa Tanganyika akaitwa kwa jina la nchi ya ng'ambo.

Kosa hilo, kama ni kosa, linaeleza mengi. Kwa Waingereza wa wakati huo ziwa lote lilikuwa la Nyasaland. Kwa watu wa Liuli, Johnson alikuwa wao. Na hata utaifa wa kisiwa cha Likoma umetokana na kazi yake na wenzake, kwani kisiwa hicho na jirani yake Chizumulu, vilivyo karibu zaidi na Msumbiji, vilibaki Nyasaland kwa sababu misheni ya Waingereza ilikuwa imekita mizizi huko. Mkataba wa Uingereza na Ureno wa mwaka 1954 uliwapa Wareno sehemu yao ya maji lakini ukaviacha visiwa hivyo upande wa Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi.

Hapa ndipo urithi wa Johnson unapokuwa na pande mbili. Mtu aliyeupuuza mpaka kwa miguu yake na kwa lugha alichangia, pasipo kukusudia, kuuweka. Likoma isingekuwa na kanisa kuu, shule na chuo cha misheni, huenda ramani ya ziwa ingesomeka vingine.

Upande wa Tanzania mambo hayakumalizika. Malawi imeshikilia mkataba wa 1890, kwamba mpaka unapita ufukweni na maji yote ni yake. Tanzania imeshikilia kwamba mpaka unapita katikati ya ziwa. Mwaka 1967 Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere iliuweka msimamo huo wazi, na Rais Kamuzu Banda akaukataa vikali. Mwaka 2012 suala hilo liliibuka upya baada ya Malawi kutoa leseni za utafutaji mafuta, na usuluhishi wa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji ukaendelea miaka iliyofuata bila kuzaa mkataba wa mwisho.

Mwaka huohuo wa 2012 ufukwe wa ziwa ulimegwa kutoka Wilaya ya Mbinga na kuwa Wilaya ya Nyasa, makao makuu yakiwa Mbamba Bay. Kwa tafsiri ya mkataba wa 1890, mvuvi wa wilaya hiyo anayesukuma mtumbwi wake alfajiri anaingia nchi ya kigeni kabla maji hayajamfika magotini. Kwa uzoefu wake na wa babu zake, anakwenda kazini, na huenda huko majini akakutana na shemeji yake.

Johnson hakuwa mwanasiasa na hakuacha pendekezo lolote la mpaka. Alichoacha ni ushahidi. Kwa karibu nusu karne, akianza wakati wa uvamizi na biashara ya watumwa na kumalizia baada ya Vita Kuu, watu wa fukwe tatu walisoma kitabu kimoja, walioana, waliuziana samaki na mihogo na walizikana, huku bendera juu yao zikibadilika. Wanaokaa mezani kuzungumzia maji hayo wana ramani na mikataba ya kutosha. Maisha ya mzee aliyelala Liuli yanawakumbusha kwamba ziwa hilo lina wenyewe, nao walikuwapo kabla ya ramani.